Nilifuata harufu ya dagaa nikakutana na tambi

Mtu aliyekulia Mwanza, tena mama yake anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, hawezi kudanganywa na harufu ya dagaa. Nifunge macho, nizungushe mara kumi, nipeleke popote, nitakuonyesha kwa kidole gunia liko wapi na nitakwambia zimeanikwa kwenye mchanga au kwenye chanja, zimenyeshewa au hazijanyeshewa. Sasa siku ile nimesimama pembeni ya kabarabara kembamba katikati ya majaruba, Japani, jua la saa saba linachoma utosi, tumbo linalia, na pua inaniambia hapa kuna dagaa zinachemka. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba njaa imeshanipanda kichwani.

Ngoja nirudi nyuma kidogo maana nilifikaje pale ni hadithi ya upumbavu wangu mwenyewe.

Nilikuwa nasoma Okayama, nilienda kwa skolashipu ya miaka miwili, na kila Mjapani niliyemwambia wikiendi sina la kufanya alinijibu kitu kilekile, vuka daraja uende Kagawa ukale udoni. Kagawa iko ng'ambo ya bahari, kisiwa cha Shikoku, ndo mkoa mdogo kuliko yote Japani kwa eneo lakini kwa tambi hauna mpinzani, hadi mwaka 2011 walianza kujitangaza wenyewe kama Mkoa wa Udoni, yaani serikali ya mkoa kabisa, sio utani wa vijiweni. Udoni ni tambi nene za ngano, nyeupe, unene wa kalamu hivi, zinanyumbuka. Mi nilikuwa nimeshakula udoni Okayama kwenye mgahawa wa chuo nikaona mbona kawaida tu, tambi na maji ya chumvi. Wakaniambia hiyo sio udoni, vuka daraja.

Basi Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa tano nikaamka mapema nikapanda treni. Hilo daraja lenyewe linatosha kuwa safari, Seto Ohashi, lilifunguliwa 1988, magari yanapita juu na treni inapita chini yake, kama kilomita 13 hivi na visiwa vidogovidogo huku na huku, unaangalia dirishani unaona meli ziko chini kabisa kama maganda ya karanga. Nikabadilisha treni Sakaide, saa tatu kasoro nikawa Kotohira.

Kotohira kuna hekalu la Kompira, mlinzi wa mabaharia na wavuvi, liko juu mlimani na kulifikia ni ngazi 785. Nikisema ngazi usifikirie za ghorofani, hizi ni za mawe, zimelika na miguu ya watu, na wanaokupita njiani ni vibibi vya miaka sabini na fimbo zao za mianzi wakati wewe kijana umeshika goti. Ukitaka hekalu la ndani kabisa zinafika 1,368, huko sikufika na sijuti. Sikuwa nimekula chochote tangu asubuhi makusudi, maana nilikuwa na mpango wangu, nilikuwa nimesevu kwenye simu jina la mgahawa mmoja ambao kila orodha mtandaoni inauweka namba moja au mbili, nikasema njaa yote naipeleka pale.

Nikashuka, nikaufuata. Foleni aisee. Watu wametoka Osaka, wametoka Tokyo, wengine wameshika miavuli ya jua, foleni imepinda kona mbili. Nikapanga. Saa moja ikapita, na dakika kama ishirini juu yake, mbele yangu wamebaki watu sita nawahesabu kama nahesabu hela, akatoka kijana na kakibao akainama na kukitundika mlangoni, na hata kama Kijapani changu kilikuwa cha kuungaunga nilielewa kabla sijasoma maana watu wote waliguna pamoja. Tambi zimeisha. Saa sita na nusu mchana! Huko ndo utaratibu, wanatengeneza za siku, zikiisha wanafunga, hakuna cha kuongeza wala kumbembeleza mtu. Nilivyokasirika sikutaka hata kukaa kwenye huo mji, nikaangalia ramani nikaona stesheni inayofuata, Zentsuji, ni kilomita sita hivi, nikasema natembea, hasira zitaishia njiani.

Hapo ndo mambo yakaanza kuwa mazuri ingawa bado sikujua. Mwezi wa tano kule ngano imekomaa, jaruba hili ni la dhahabu, la jirani yake wameshavuna na wameshajaza maji tayari kwa mpunga, jingine wanachoma mabua, moshi unapita chini chini. Na kila baada ya hatua chache kuna lambo. Nasema lambo kwa maana yetu ya Usukumani kabisa, dimbwi la kuchimba na tuta la udongo la kukingia mvua. Nilishangaa mno, nilijua Japani ni nchi ya mvua, kumbe huo upande umekingwa na milima kaskazini na kusini, mawingu yanamwaga maji huko huko kabla hayajafika, kwa hiyo toka enzi na enzi watu wanaishi kwa malambo na yako zaidi ya 10,000 kwenye hako kamkoa. Kubwa lao linaitwa Manno, mwaka 821 mtawa mmoja anaitwa Kukai alisimamia kulijenga upya lilipobomoka. Huyo Kukai ndo mtoto wa nyumbani, alizaliwa hapo hapo Zentsuji, akaenda China kusoma, na wazee wa kule wanapenda kusema ndo aliyerudi na ujuzi wa tambi. Ni hadithi ya mapokeo, ichukue hivyo hivyo. Ila hili la ukame halina ubishi, mpunga unataka maji mengi, ngano inavumilia, kwa hiyo wakavuna mpunga na baadae wakapanda ngano kwenye jaruba lilelile, na mwenye ngano lazima atafute namna ya kuila. Mi nikiwa natembea nawaza Shinyanga na Maswa tu.

Ndo hapo ile harufu ikanipiga.

Nikasimama. Nikanusa tena. Ikaja na upepo, ikapotea, ikaja. Ni dagaa, lakini sio za kuchoma wala za kukaanga, zinachemka taratibu, na kuna kitu kingine kama mwani pembeni yake. Nikaacha barabara kuu nikaifuata kama mbwa, nikapita nyuma ya nyumba mbili, nikapita mfereji, nikaona banda la bati. Banda kabisa, bati zimeshika kutu, bomba la moshi linatoa mvuke mweupe, nje kuna baiskeli mbili na kapikapu kadogo ka kubebea mizigo. Hakuna bango. Kuna kipazia cha bluu kilichopauka tu kwenye mlango wa kusukuma pembeni. Ningepita na gari nisingejua kama ni mgahawa, ningedhani ni karakana ya kusaga.

Nikachungulia. Ndani kuna mvuke, masufuria mawili makubwa kama ya kupikia ubwabwa wa harusi, meza ndefu moja yenye kitambaa cha nailoni chenye maua, viti vya chuma vya kukunja, hakuna kinachofanana na kingine, saa ya ukutani ya mshale, kalenda ya duka la mbolea, redio inaongea peke yake. Kwenye kona kuna mashine ya kukatia tambi inazungushwa na mkanda wa mpira, rangi ya kijani imebanduka, na juu yake kuna paka wa udongo ameinua mkono. Mama mmoja wa miaka kama sabini na kitu, mgongo umeinama, kitambaa kichwani, mikono minene ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Mzee mmoja anakula. Basi.

Yule mama aliniangalia, akaangalia saa, akasema kitu nikakamata neno moja tu, "futatama", viduara viwili. Alikuwa ananiambia vimebaki viduara viwili vya tambi, navitaka? Mimi nikasema hai hai hai, yaani ndiyo ndiyo, kama mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi.

Sasa nilidhani nitakaa niletewe. Wapi bana. Akanipa bakuli lenye viduara viwili vya tambi za baridi, akarudi kwenye kazi zake, nimebaki nimesimama na bakuli langu katikati ya banda kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Kumbe pale unajihudumia, na sio kujihudumia kwa hotelini kwenye bufee, ni unapika mwenyewe hatua ya mwisho. Kuna sufuria la maji yanayochemka, kuna kikapu cha waya chenye mpini mrefu wanakiita tebo, unatumbukiza tambi zako humo, unazizamisha sekunde kumi hivi, unakung'uta maji, unarudisha kwenye bakuli, halafu unaenda kwenye tangi lenye koki, unafungulia supu kama unakinga maji bombani. Mi yote hayo sikuyajua. Nikamwaga tambi zangu kwenye sufuria la maji moja kwa moja bila kikapu.

Yule mama alipiga kelele. Mzee aliacha bakuli lake akasimama, akachukua kikapu, akaanza kuzivua kama anavua samaki, moja moja, huku anacheka hadi machozi, na mimi nasema samahani kwa lugha zote ninazozijua, nahisi na Kiswahili kilikuwemo. Akazipata karibu zote. Akanionyesha namna ya kukung'uta, kwa kiganja, mara mbili kavu, maji yanaruka, maana maji yakibaki yanachuja supu. Akanivuta hadi kwenye koki akafungulia, supu ikatoka rangi ya chai ya rangi iliyochujwa vizuri, na harufu ile ikanijaa usoni. Akanielekeza kwa kidole kwenye vibakuli: kitunguu cha majani kimekatwa, tangawizi imekwaruzwa, makombo ya tempura, yaani ule unga wa majimaji wanaochovya vitu na kuvikaanga, ya bure hayo weka unavyotaka. Kwenye trei kulikuwa kumebaki tempura ya soseji ya samaki moja na ya ngisi moja, nikachukua zote mbili bila aibu, aibu ilikuwa imeshaisha.

Nikakaa. Nikanywa supu kabla ya tambi.

Jamani. Sijui niielezeje bila kuonekana naongeza chumvi. Ilikuwa ni dagaa, lakini dagaa aliyesafishwa uchungu wote, imebaki ile ladha ya katikati, ile unayoipata ukinyonya kidole baada ya kula dagaa za nazi, tamu bila sukari, na chumvi kwa mbali. Mgahawa wa chuo ulikuwa na maji ya chumvi kweli. Hii ilikuwa na mtu ndani yake. Na tambi zenyewe zilikuwa zinarudisha, unazing'ata zinakubali halafu zinakusukuma, pembe zake kali kabisa bado zimesimama, sio za kuteleza na kuvunjika. Mzee akaniona natafuna natafuna akatikisa kichwa, akanionyesha koo lake. Wao wanasema udoni inaonjwa na koo, unaivuta kwa sauti, unatafuna kidogo tu, unaiacha ipite. Mama yangu angenizaba kofi kwa ile sauti, sisi tumelelewa chakula hakiongei mdomoni, lakini nilijaribu, ya kwanza ikanipalia, ya tatu nikaelewa wanachokisema. Nilimaliza bakuli zima kabla redio haijamaliza taarifa ya habari.

Nikatoa simu, nikafungua programu ya kutafsiri, nikamuuliza yule mama kwenye supu kuna nini. Hapo wateja hawamwiti kwa jina, wanamwita okaasan, mama, kama sisi tunavyomwita mama ntilie mama tu hata kama humjui, na yeye mimi aliniita oniisan, kaka. Akasoma simu kwa kuisogeza mbali na macho, akaenda nyuma, akarudi na mfuko wa karatasi, akaufungua.

Dagaa!

Wakubwa kuliko wa kwetu, urefu wa kidole, wanang'aa kama fedha, wamenyooka, hakuna aliyejikunja wala kukatika tumbo. Wanaziita iriko, zinatoka kwenye kisiwa kimoja hapo karibu, Ibuki, magharibi ya huo mkoa. Akaweka na mwani, akaweka na samaki mkavu aliyekwaruzwa, akanionyesha kwamba hivi ni vya kusindikiza, mwenye nyumba ni huyu, akagonga ule mfuko. Nikaokota moja nikaitafuna mbichi vile vile, kichwa na mkia, akashtuka. Nikamwandikia kwenye simu: mama yangu anauza hizi.

Akasoma. Akaniangalia. Akasoma tena. Akamwita mzee aje asome, nahisi alidhani simu imekosea kutafsiri, mtu mweusi mrefu ametokea mashambani saa saba mchana anakwambia mama yake anauza iriko. Nikamwonyesha picha. Ninayo moja kaka yangu aliipiga Mwaloni alfajiri, magunia yamepangwa hadi juu, mama amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na ungo mapajani anachambua. Yule mama alichukua simu kwa mikono miwili akaikuza ile picha, hakuangalia magunia, aliangalia mikono ya mama. Halafu akavuta kiti akakaa, akachukua trei, akaanza kunionyesha anavyofanya yeye, anabana kichwa cha dagaa kwa vidole viwili, anakivuta kinatoka na utumbo mweusi, anatupa huku, mwili anaweka kule. Kila jioni, akasema, na redio. Usipotoa kichwa na utumbo supu inakuwa chungu.

Nikajaribu kumweleza kwamba za kwetu za Ziwa Victoria ni ndogo sana, ukitoa kichwa unabaki na nini, mama yeye kazi yake ni kutoa mchanga na vijiwe, na kwamba wavuvi wanatoka usiku wa giza na taa kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hazifuati taa, kwa hiyo nyumbani kwetu hela ilikuwa inakuja na kuondoka na mwezi, mwezi ukijaa tunakula kwa mkopo. Sijui tafsiri ilisema nini ila alitikisa kichwa muda mrefu. Nikauliza dagaa zilizochemshwa supu mnazifanyaje, akasema zinatolewa, huyu mzee anachukua kwa ajili ya kuku wake. Nikaumia roho kidogo kisha nikacheka, kwetu pia zikinyeshewa ndo zinakoishia, kwa kuku.

Kuna kitu sikumwambia na sidhani kama simu ingekitafsiri. Sekondari nilisoma shule ya kutwa, chumba changu ndo kilikuwa stoo ya magunia, shati la shule linalala na dagaa, linaamka na dagaa. Darasani jina langu lilikuwa Mwaloni. Walimu wawili walikuwa wananiita hivyo hivyo. Nilianza kupitia bombani asubuhi nalowesha shati makusudi ili linuke maji badala ya samaki, nafika darasani natetemeka, na siku mama alipokuja shuleni kulipa ada na kanga yake ya kazini nilijificha nyuma ya choo hadi akaondoka. Ada ililipwa kwa dagaa. Nilijua hivyo na bado nilijificha. Sasa nimekaa kwenye banda, watu wanatoka Tokyo wanapanga foleni mkoa mzima kwa ajili ya harufu ileile, na okaasan anaipanga kwenye trei moja moja kama vito, nikawa naangalia chini kwenye bakuli tupu maana macho yalikuwa yanachoma, nikasingizia mvuke.

Mzee ndo akaniokoa, akanivuta nyuma nikaone unga. Nilikuwa nawaza labda mashine inafanya yote. Hapana, inasaidia kukata tu. Unga unachanganywa na maji ya chumvi na vipimo vyake viko kichwani, kuna msemo wa zamani wanaurithishana: kiangazi kikombe kimoja cha chumvi kwa vikombe 3 vya maji, wakati wa baridi kimoja kwa 6, siku za kawaida kimoja kwa 5. Joto linalegeza unga na chumvi inaukaza, ndo maana. Halafu donge linafungwa kwenye nailoni nzito linawekwa chini na mtu anapanda juu, anakanyaga. Kwa miguu! Na soksi safi, anazunguka taratibu kuanzia katikati kwenda pembeni, linatanuka, analikunja, anakanyaga tena, analiacha lilale. Mume wa okaasan ndo alikuwa mkanyagaji, tulimkuta anakanyaga la kesho, mikono ameishika nyuma ya mgongo kama anakagua shamba, akaninyooshea kidole nipande. Nikavua viatu nikapanda. Kunakuwa kama unakanyaga ulimi wa ng'ombe, kuna joto na kunarudisha. Akaniambia mimi ni mzito, nzuri, tambi za kesho zitakuwa ngumu.

Nikauliza hii ngano ni ya mashamba haya niliyopita? Wakacheka. Nyingi inatoka Australia, imekuwa hivyo miaka mingi, ndo unga uliozoeleka. Mkoa wakatafuta mbegu yao, ikatoka mwaka 2000, wameipa jina la Ndoto ya Sanuki, Sanuki ndo jina la zamani la Kagawa. Yule mzee akasema hiyo ina harufu nzuri zaidi ila ni mkorofi kukanda, okaasan akasema mkorofi ni wewe. Angalau ndivyo simu ilivyotafsiri.

Kulipa nako kulikuwa na mtihani wake. Hakuna risiti, hakuna aliyeandika umekula nini, unamaliza, unapeleka bakuli lako kwenye beseni, unasimama mbele ya mama unajitaja mwenyewe: viduara viwili, tempura mbili. Yeye anapiga kwenye abakasi ya mbao, shanga zinagonga, anasema hela. Haikufika yen 600, kama elfu kumi ya kwetu, nimeshiba hadi kupumua kwa kupanga. Mi nikajitaja vizuri nikaondoka, niko mita mia hivi nikasikia baiskeli nyuma, mzee huyo, ana mfuko wa nailoni. Ndani mna iriko nusu kilo na kikaratasi kimechorwa bakuli, mshale, na picha ya mwanamke amekaa kwenye ndoo. Ni za mama yako, akasema, hilo nililielewa bila simu.

Nilirudi pale mara nne kabla sijamaliza masomo. Ile orodha ya mtandaoni niliifuta, sio kwamba migahawa yake ni mibaya, sijaila sijui, ila nilishaona namba moja na mbili ni mambo ya watu wenye haraka. Mara ya mwisho walikuwa wanafungua siku tatu tu kwa wiki, goti la mzee mkanyagaji lilikuwa limefungwa bandeji, watoto wao wako Osaka na hakuna anayetaka kuamka saa tisa usiku kukanda unga. Okaasan alisema watafunga goti likikataa, akasema kama anavyosema mvua itanyesha, huku anakata kitunguu. Nilikula viduara vitatu siku hiyo.

Nikarudi Mwanza na zile iriko, nilikuwa nimezitunza kwenye friji miezi yote kwa ajili hiyo. Wiki ya kwanza tu nikasema nitapika. Nikanunua unga wa ngano, nikapima chumvi ya kiangazi, nikakanda, nikafunga na sandarusi safi, nikaweka chini sebuleni, nikavaa soksi mpya, nikapanda. Mama akatokea jikoni.

"We mtoto. Unakanyaga chakula?"

"Mama ndo wanavyofanya."

"Nani? Shuka. Shuka kwenye chakula."

Nikashuka. Tukasukuma kwa chupa kama chapati, nikakata kwa kisu, zikatoka nene nyembamba hakuna zinazofanana, mdogo wangu akasema ni minyoo. Supu lakini nilikuwa na imani nayo. Nilikaa nikatoa vichwa na utumbo jioni nzima, nikaziloweka, nikazichemsha taratibu bila kufunika. Mama alikuwa ananiangalia kwa jicho la pembeni, hakusema kitu, hadi akashindwa, akaja akaokota moja kavu kwenye mfuko, akaivunja katikati akaangalia ndani, akanusa pale ilipovunjikia, akaweka mdomoni akatafuna na meno ya mbele.

"Hizi hazijaanikwa mbichi. Zimechemshwa kwanza na maji ya chumvi ndo zikaanikwa, kama zile za Pwani zinazoenda Kongo. Tena zimechemshwa siku hiyo hiyo, hazijalala. Tumbo halijapasuka."

Mimi hayo nilikuja kuyasoma baadae, kwamba kule Ibuki boti zikifika tu zinamwaga kwenye masinia yanaenda kwenye maji ya moto muda huo huo. Mama hakuwa amesoma popote. Akaokota nyingine, akaipima kwenye kiganja.

"Na kilo wanauza shilingi ngapi?"